Kocha wa mabeki wa Detroit na hesabu ya 8-2

Tarehe 31 Oktoba 2022, siku moja baada ya Detroit Lions, timu ya mpira wa Kimarekani katika ligi ya NFL, kufungwa 31-27 na Miami Dolphins, kibarua cha Aubrey Pleasant kiliota nyasi. Alikuwa kocha wa mabeki, walinzi wa nyuma wanaokaba wapokeaji wa pasi. Timu ilikuwa imeshinda mechi moja kati ya saba. Kocha mkuu Dan Campbell alibaki, mratibu wa ulinzi Aaron Glenn alibaki, akaondoka yule anayekaa na mabeki chumba kimoja kila asubuhi. Kisha Lions wakashinda mechi nane kati ya kumi zilizobaki, yaani 8-2, na kumaliza msimu 9-8. Tangu hapo mashabiki wengi wa mpira wa Kimarekani wanasimulia kisa hiki kwa sentensi moja: kocha mbovu alifukuzwa, timu ikapona.

Wanaomtetea Campbell wana hoja, na si ya kupuuzwa. Katika mechi zile saba Lions waliruhusu pointi 225, zaidi ya 32 kwa mechi. Ni kweli kwamba pointi za tachidauni tatu (mpira kufikishwa eneo la mwisho la mpinzani) hazikuwahusu walinzi hata kidogo: Philadelphia na Seattle walinasa pasi za Jared Goff, kwotabeki (mrusha pasi) wa Lions, wakakimbia nazo hadi mwisho, na New England wakaokota mpira uliomponyoka wakafanya vivyo hivyo. Ukizitoa, wastani bado ni kama 29. Katika mechi kumi zilizofuata waliruhusu 202, yaani kama 20 kwa mechi. Pengo hilo ni kubwa mno kuliita bahati. Dhidi ya Miami, kwotabeki wao Tua Tagovailoa alirusha yadi 382. Tyreek Hill peke yake alichukua 188 na Jaylen Waddle 106. Wiki moja tu baada ya kocha kuondoka, Green Bay walipata pointi 9 na Aaron Rodgers akanaswa pasi tatu. Wiki iliyofuata, huko Chicago, beki wa pembeni wa Lions Jeff Okudah alinasa pasi ya Justin Fields na kuikimbiza hadi tachidauni.

Kazi ya kwanza ya kocha wa mabeki ni kuhakikisha watu wake wanne au watano wanaelewana kabla mpira haujaanza kuchezwa: nani anamchukua nani, nani anabaki nyuma kabisa, nini kinabadilika mpokeaji akihama upande. Mpokeaji akionekana amesimama peke yake kama mtu anayesubiri basi, kocha huyo ndiye wa kuulizwa kwanza. Na kocha mkuu mwenye 1-6 hawezi kuwaambia wachezaji kila siku kwamba hapa watu hupimwa kwa matokeo, halafu wasaidizi wake wasipimwe.

Sawa. Lakini 32 na 20 ni namba za timu nzima. Mabeki wana namba zao, na kuna mbili ambazo tangu mwaka ule sijaona watetezi wa 8-2 wakizijibu.

Tarehe 25 Septemba, huko Minneapolis, Pleasant akiwa bado kazini, Justin Jefferson wa Vikings alidaka mipira mitatu kwa jumla ya yadi 14. Huyo Jefferson alikuwa mpokeaji hatari kuliko wote msimu ule, na Okudah ndiye aliyepewa kazi ya kumwandama. Tarehe 11 Desemba, wiki sita baada ya Pleasant kufukuzwa, Jefferson yuleyule alikuja Detroit akadaka 11 kwa yadi 223, rekodi ya Vikings kwa mechi moja. Kirk Cousins siku hiyo alirusha yadi 425, nyingi kuliko zile za Tagovailoa zilizomponza kocha.

Yadi 14, kisha yadi 223. Septemba Lions walifungwa 28-24. Desemba walishinda 34-23.

Sisemi kwamba Pleasant angemzima Jefferson mara ya pili. Mechi moja ni mechi moja, na mkaguzi mkali atanikumbusha kwamba Septemba ile, Jefferson alipofungiwa njia, mpokeaji mwenzake K.J. Osborn ndiye aliyewamaliza Lions dakika ya mwisho. Ukimweka beki wako bora juu ya mtu mmoja, kuna mahali utapungukiwa. Hata hivyo, tazama jinsi hukumu inavyotolewa. Timu iliposhindwa, kazi nzuri kuliko zote aliyoifanya Okudah akiwa Detroit ilifukiwa chini ya matokeo. Timu iliposhinda, mojawapo ya siku mbaya zaidi kwa mabeki hao ilifukiwa chini ya shangwe. Kumpima kocha wa mabeki kwa namba ya pointi peke yake kunaleta hukumu za aina hiyo, na kwa timu inayosuasua hukumu huja haraka zaidi kwa sababu kila mtu anatafuta wa kutolewa kafara.

Nini basi kilichobadilika? Anza mbele, si nyuma. Hakuna beki duniani anayeweza kumng'ang'ania mpokeaji mwenye kasi kwa sekunde tano. Akifundishwa vizuri atampa kwotabeki sekunde mbili na nusu, labda tatu, za kukosa pa kurusha. Baada ya hapo ni wajibu wa walinzi wa mstari wa mbele kumfikia. Aidan Hutchinson, chaguo la pili la drafti (zoezi la timu kuchagua wachezaji chipukizi) ya 2022, alikuwa akijifunza ligi mechi kwa mechi na alimaliza msimu amewaangusha makwotabeki mara tisa na nusu. Halafu tarehe 24 Novemba, dhidi ya Buffalo, akaingia James Houston, kijana wa raundi ya sita ambaye hadi siku hiyo hakuwa amecheza hata mechi moja. Katika mechi saba aliwaangusha makwotabeki mara nane. Pleasant hakuwahi kuwa na Houston mbele ya mabeki wake, si kwa mechi moja. Aliyemrithi, Brian Duker, alikuwa naye kwa mechi saba za mwisho.

Na ile siku ya Green Bay inayotajwa kama ushahidi? Kati ya pasi tatu za Rodgers, ya kwanza iligonga kofia ya Derrick Barnes wa Lions ikamwangukia beki mwenzake Kerby Joseph. Nyingine ilinaswa na Hutchinson, ambaye si beki. Naipenda sana mechi ile, lakini kofia ya Barnes haikufundishwa na kocha mpya.

Tuje kwa watu aliokuwa nao. Tracy Walker, beki wa mwisho na sauti ya safu nzima, alikatika kano ya kisigino katika mechi ileile ya Minneapolis. Will Harris, aliyeingia ligi kama beki wa mwisho, alikuwa akichezeshwa pembeni. Jerry Jacobs, ambaye hakuna timu iliyomchagua kwenye drafti na ambaye Pleasant alimgeuza kuwa mchezaji wa kuanza mwaka 2021, alikuwa akitoka kwenye jeraha la goti na alirejea katikati ya msimu. Amani Oruwariye alikuwa amenasa pasi sita mwaka 2021 chini ya kocha huyohuyo. Mwaka 2022 hakunasa hata moja na alipoteza nafasi yake. Hapa nakubali kisu kinakata pande zote mbili. Ukimpa Pleasant sifa ya zile sita, umpe pia lawama ya lile sifuri. Beki mwenye kipaji kuporomoka hivyo ndani ya miezi michache ni jambo linalomhusu kocha wake, na sioni namna ya kumtoa humo.

Kuhusu Okudah lawama zimekuwa nyepesi mno. Alichaguliwa wa tatu katika drafti nzima ya 2020. Hakuna beki wa pembeni aliyekuwa amechaguliwa juu hivyo tangu 1997. Mwaka wake wa kwanza, Matt Patricia, kocha mkuu aliyemchagua, alifukuzwa kabla msimu haujaisha, na yeye mwenyewe akaishia kwenye upasuaji. Mwaka wa pili alikuja Pleasant, na katika mechi ya kwanza kabisa, dhidi ya San Francisco, Deebo Samuel alimpita kwa tachidauni ya yadi 79, kamera zikamwonyesha kocha na mchezaji wakifokeana pembeni ya uwanja. Siku hiyohiyo Okudah alikatika kano ya kisigino, msimu ukaisha. Picha ile ya kufokeana imetumika mara nyingi kuonyesha kwamba Pleasant hakujua kulea vijana. Mimi naona kijana aliyekuwa na mechi kumi tu ligini, mwenye kocha wa pili, akidaiwa matunda ya mti usio na mwaka.

Ulezi wa beki wa pembeni ni kazi ya polepole kuliko nafasi nyingi. Tangu 1978 sheria inamruhusu kumgusa mpokeaji ndani ya yadi tano za kwanza tu. Zaidi ya hapo ni miguu, nyonga na macho. Lazima ajifunze kukimbia kinyumenyume bila kuinuka, kugeuza nyonga mara moja tu, na kutomtazama kwotabeki mapema. Hayo huingia mwilini kwa kurudiarudia dhidi ya wapokeaji wa kweli wanaokimbia kwa kasi ya kweli. Lakini tangu mkataba wa wachezaji wa 2011, timu ina mazoezi 14 tu ya vifaa kamili katika msimu mzima. Timu inayoshinda hutumia siku hizo kunoa. Timu iliyo 1-6, yenye majeruhi, huzitumia kumfundisha mtu aliyesajiliwa wiki iliyopita amkabe nani na asimame wapi.

Kuna jambo lingine ambalo kocha wa mabeki haamui: aina ya ulinzi. Glenn, aliyecheza beki wa pembeni misimu 15 na kunasa pasi 41, hupenda mabeki wake wakabe mtu kwa mtu. Ni falsafa ya heshima kwa mwenye mabeki wazima. Kwa Lions wa Oktoba 2022 ilikuwa ni kuwaacha watoto peke yao barabarani. Glenn alibaki, nami naona kubaki kwake kulikuwa sahihi. Ila ikiwa mratibu alistahili muda, sijaona sababu ya maana kwa nini msaidizi wake hakustahili.

Matukio ya baadaye nayo hayakuisaidia sana hadithi ya kocha mmoja mbovu. Aprili 2023 Okudah aliuzwa Atlanta kwa chaguo la raundi ya tano; sauti mpya haikumwokoa. Msimu huo Lions walifika mechi ya ubingwa wa NFC, moja ya kanda mbili za NFL, wakiwa bado na mabeki wanaovuja. Huko San Francisco waliongoza 24-7, wakafungwa 34-31, na mpira uliogeuza mambo uligonga kofia ya Kindle Vildor, beki aliyeletwa msimu ukiwa umeshaanza, ukadakwa na Brandon Aiyuk kwa yadi 51. Safari hii kofia iliwaendea kinyume.

Majira ya kuchipua ya 2024 klabu ilifanya kile ambacho kumfukuza kocha hakukufanya. Ilimleta Carlton Davis kutoka Tampa Bay, ikamchagua Terrion Arnold wa 24 na Ennis Rakestraw wa 61. Duker akaenda Miami, akaja Deshea Townsend. Pleasant kwa upande wake alikuwa amesharudi Los Angeles Rams tangu 2023, klabu iliyokuwa naye kabla ya Detroit na iliyomfahamu vizuri kuliko jedwali la Oktoba 2022.

Msimu wa 2024 Lions walimaliza 15-2, na Kerby Joseph, yule aliyechaguliwa wa 97 na kuingizwa uwanjani baada ya Walker kuumia, alinasa pasi tisa, nyingi kuliko mchezaji yeyote wa ligi. Kufikia hapo alikuwa amefundishwa na makocha watatu wa mabeki. Townsend ndiye aliyekuwepo sifa zilipogawiwa, na Duker ndiye aliyekuwa amekaa naye muda mrefu kuliko wenzake hadi wakati huo. Pleasant alikuwa naye kwa miezi sita, kuanzia drafti hadi siku ya kufukuzwa, na ndani ya miezi hiyo kijana aliyetoka chuo kikuu alifika hatua ya kuanza mechi za NFL.