Laini ya Mama

Nafanya kazi mapokezi, nyumba ya wageni, Shangani, Unguja. Kwa kuwa mie ndiye niliyewahi kugusa kompyuta, mitambo yote yaniangukia mie. Simu zetu zapita kwenye intaneti. Asubuhi hazina neno. Jioni, wageni wakisharudi kutoka Forodhani na kufungua filamu zao, ndo balaa: "Hal... umba... ngapi..." Mteja mmoja aliniuliza kama nimo ndani ya maji.

Nikapiga hesabu. Simu moja ya kodeki ya G.711, yaani namna ya kufunga sauti ipite kwenye intaneti, hula kama kilobiti 87 kwa sekunde kila upande. Nikahamia G.729, inayobana sauti zaidi, ikashuka hadi 31 hivi. Wapi! Ndipo nikaweka sheria: zikiwepo simu mbili hewani, ya tatu iende kwenye simu yangu ya mkononi. Sheria yenyewe niliiweka huko huko kwa mtoa huduma, maana ukiigeuza ofisini simu huingia kisha hutoka tena, ikala mara mbili. Fundi huyo!

Namba niliiandika kwa kichwa, ile niliyoizoea tangu niko chuo.

Siku tatu raha mustarehe. Ya nne wakaingia Wataliano wawili na mabegi yao, wanataka chumba kinachotazama bahari. Sisi bahari tunayo, lakini mpaka upande juu ya sinki la choo cha ghorofa ya tatu. Mmoja akanitolea karatasi: bei nusu ya yetu, na chini yake kaandika "pane cumimina".

Cumimina? Mkate wa kumimina! Nikahisi jasho mgongoni. Laini ile nilishampa mama, yuko Kiwengwa, na mama kauzia Wataliano madafu pwani miaka na miaka. Kitaliano chake hakina breki.

Nikampigia.

"Wameshafika wanangu?" akaniuliza. "Mie nikajua umenitafutia kazi. Wape chumba kizuri, wana heshima wale."

"Mama, na nani mwengine kapiga?"

"Wengi. Na tajiri wako pia. Nikamuuliza mshahara wa mwanangu wa mwezi uliopita uko wapi. Kakata simu, sijui mtandao."

Usiku ule sikulala. Saa tatu asubuhi simu ikalia: mshahara umeingia, wote.

Namba sijaibadilisha mpaka leo. Nimembembeleza tu mama asiahidi bahari.