Mitambo ya Denmark, masharti ya Kenya

Wakenya tunaoishi Denmark tukikutana kwa nyama choma, hasa zile siku mbili tatu za kiangazi ambazo jua hutukumbuka, mazungumzo hayakosi kufika kwenye mitambo ya upepo. Huwezi kuikwepa. Ukitoka mjini kidogo tu, iko kila upande. Na kila mara atatokea mmoja, mara nyingi aliyekuja juzi, aseme kwamba wenzetu hawa wameendelea, wanaelewa maana ya kawi safi, ilhali huko nyumbani mtu akiletewa mtambo anakimbilia kortini ama anafunga barabara. Mfano wake huwa ni Kinangop. Mradi wa megawati 60 hivi katika Kaunti ya Nyandarua, wakazi wakaandamana, mtu akapoteza maisha mapema mwaka wa 2015, na Februari 2016 wawekezaji wakafunga virago. "Tunajirudisha nyuma wenyewe," anamalizia, na kunyoosha mkono achukue kipande kingine.

Mimi naishi magharibi mwa Jutland, ile rasi ya Denmark iliyoungana na bara, kazi yangu ni kuwahudumia wazee majumbani mwao, na nataka kumjibu ndugu huyo hapa, kwa sababu pale penye nyama hatuachiani nafasi ya kumaliza sentensi. Wadenmark hawaipendi mitambo ya upepo kutushinda sisi. Wengi wao hawaipendi hata kidogo. Kuna vyama vya nchi nzima vya kuipinga, na kuna madiwani waliopoteza viti kwa ajili yake. Tofauti iko kwingine kabisa.

Niliwahi kuhudhuria mkutano wa wakazi kuhusu mitambo mipya iliyopangwa kujengwa karibu na kijiji. Ukumbi wa kijiji, kahawa ya birika, keki kavu. Nilidhani nitasikia maneno ya tabianchi na vizazi vijavyo. Wapi! Mama mmoja alisimama na ramani aliyoichapisha nyumbani, akauliza kivuli cha mapanga ya mtambo yanayozunguka kitaangukia dirisha lake la jikoni saa ngapi, miezi gani. Akajibiwa kwa hesabu, kwa sababu huku kuna mwongozo kwamba kivuli hicho kisizidi saa 10 kwa mwaka kwenye nyumba ya jirani. Mwingine akauliza umbali. Sheria inataka mtambo usimame mbali na nyumba ya mtu angalau mara nne ya urefu wake wote, mpaka ncha ya panga. Mwingine akataka kujua kelele. Kuna kiwango cha desibeli, tena kuna kingine cha ile ngurumo ya chinichini inayopenya ukutani. Afisa wa kampuni alikuwa akijifuta jasho, na si kwa joto, kwa maana joto huku hatulijui. Watu walimzomea kidogo, wakamaliza kahawa, wakaenda zao. Hakuna gari la polisi lililokuja.

Hawa si watu wasiogombana. Wanagombana vizuri sana. Ila wanagombana mapema, kabla shimo halijachimbwa, na kila mmoja anajua sheria imemwachia kiasi gani cha kushika.

Halafu kuna suala la mali. Mzee mmoja ninayemhudumia ana hisa katika mtambo unaoonekana kutoka dirishani kwake. Kila mwaka huletewa karatasi, na kwa kuwa macho yake yamechoka mimi ndiye humsomea: stima iliyozalishwa, bei iliyouzwa, gharama za matengenezo, kilichobaki, fungu lake. Si pesa nyingi. Lakini mwaka ambao gharama za giaboksi zilikula sehemu kubwa ya faida alinung'unika wiki nzima, kama mtu ambaye ng'ombe wake wa maziwa ameugua. Mtambo ukisimama siku ya upepo, anataka nimpigie mwenyekiti wa wenye hisa simu papo hapo. Mwambie mzee huyo kwamba mtambo ni kelele na uchafuzi wa mandhari. Atakufukuza nyumbani.

Mambo haya hayakuanguka kutoka mbinguni. Baada ya mafuta kupanda bei mwaka wa 1973, Denmark ilikuwa taabani, ikitegemea mafuta ya kununua nje karibu kwa kila kitu. Mafundi seremala, wahunzi na walimu wakaanza kujenga mitambo yao. Mmoja, ule wa Tvind karibu na Ulfborg, ulijengwa na walimu na watu wa kujitolea, ukaanza kazi mwaka wa 1978, na bado umesimama. Vyama vya ushirika vya upepo vikafuata: majirani wanachanga, wananunua mtambo mmoja, wanaunganishwa na gridi na kulipwa bei inayoeleweka. Kisiwa cha Samsø, chenye watu wasiofika 4,000, kilishinda shindano la serikali mwaka wa 1997 la kuwa kisiwa cha kawi jadidifu. Miaka michache baadaye kilikuwa na mitambo 11 nchi kavu na 10 baharini. Ya nchi kavu iko mikononi mwa wakulima wa hapo hapo na vyama vyao, na baadhi ya ile ya baharini ni ya manispaa.

Ukiwahi kupita Copenhagen, tazama upande wa bahari. Ile safu iliyopinda kama upinde inaitwa Middelgrunden, mitambo 20 ya megawati 2 kila mmoja. Nusu ilinunuliwa na chama cha ushirika chenye wanachama zaidi ya 8,000, hisa moja kwa kroner 4,250, yaani kitu ambacho mwalimu au dereva wa basi angeweza kukipanga. Mpango wa kwanza ulikuwa mitambo 27 katika safu tatu. Wakazi waliposikilizwa, ikapunguzwa hadi 20 na kupangwa upya katika mstari mmoja. Fikiria hilo: maoni ya wananchi yalihamisha vyuma baharini.

Sasa twende nyumbani, mpaka Loiyangalani, Kaunti ya Marsabit.

Mradi wa upepo wa Ziwa Turkana una mitambo 365, jumla megawati 310. Mitambo yenyewe ni Vestas, kampuni ya Denmark, na makao yake makuu yako huku huku Jutland. Mfuko wa serikali ya Denmark wa kuwekeza katika nchi zinazoendelea uliingia kama mwenye hisa. Kwa hiyo hatuzungumzii wageni wasiojua namna jamii inavyoshirikishwa. Ni watu wa nchi ile ile ya keki kavu na hesabu za kivuli.

Ardhi iliyokodishwa ilikuwa ekari 150,000, malisho ya Waturkana, Warendile, Wasamburu na Waelmolo. Wakazi walikwenda mahakamani mwaka wa 2014. Oktoba 2021 Mahakama ya Mazingira na Ardhi kule Meru ikaamua kwamba hatimiliki zilipatikana bila kufuata sheria, ikatoa mwaka mmoja wa kurekebisha. Muda ukaisha, wakaomba nyongeza, na mwaka wa 2023 mahakama ikakataa. Wakati huo mitambo ilikuwa imeshazunguka miaka kadhaa. Stima yake husafiri zaidi ya kilomita 400 hadi Suswa, na nyaya zimepita juu ya manyatta ambazo usiku zinatumia tochi. Na kwa kuwa laini hiyo ilichelewa kumalizwa, mitambo ilikaa tayari bila pa kupeleka stima, na Kenya ikalazimika kulipa. Tulilipa mimi na wewe, kupitia tokeni za stima.

Nisionekane mchoyo wa sifa. Barabara ya zaidi ya kilomita 200 kutoka Laisamis ilitengenezwa. Kuna madarasa, kuna maji, na kuna vijana waliopata kazi wakati wa ujenzi. Lakini tazama tarehe. Mwaka ule ule wa 2014, mwekezaji aliyetaka kujenga mitambo mikubwa Jutland alikuwa analazimishwa na sheria ya Denmark kuwatangazia wakazi angalau asilimia 20 ya hisa, na waliokuwa ndani ya kilomita 4.5 walitangulizwa. Nyumba ikipungua thamani, mwenye nyumba analipwa fidia. Mitambo ikivuka bahari, masharti hayo yanabaki bandarini. Mfugaji wa Sarima, kijiji cha pale penye mitambo, hakuwekewa hata hisa moja mezani, na hapo ndipo naposhindwa kuwasifu wenyeji wangu. Kisima ni zawadi, na mwenye zawadi ndiye huamua ukubwa wake. Mwenye hisa hukaa mkutanoni na kuuliza giaboksi imegharimu ngapi.

Kwetu tumelifanya neno "kushirikisha jamii" kuwa baraza la chifu. Uamuzi umeshafanywa Nairobi, hema limepigwa, soda zimegawiwa, watu wametia sahihi kwenye karatasi ya mahudhurio, na baadaye karatasi ile inageuka ushahidi kwamba walikubali. Mbunge anazungumza saa nzima, mwenye shamba dakika mbili. Halafu tunashangaa Kinangop imewaka moto.

Mama yangu ni mkulima wa chai Murang'a. Nilipomsimulia habari za mzee wangu na karatasi yake ya mtambo, hakushtuka hata kidogo. "Si ni kama bonasi ya chai?" akaniuliza. Na kweli, ni bonasi tupu. Wakulima wadogo wa chai chini ya KTDA, shirika linalosimamia viwanda vyao, zaidi ya laki tano, ndio wenye hisa katika viwanda vyao. Viwanda hivyo vimejenga mitambo midogo ya maji: kuna wa Imenti kule Meru, na kuna wa Gura kule Nyeri wa megawati 5.8, ambao hulisha viwanda kadhaa vya chai na ziada kuuziwa Kenya Power. Kwa hiyo bibi mwenye kikapu mgongoni na ekari nusu ya majani ana sehemu yake, ingawa ndogo, katika mtambo wa stima. Mama ana malalamiko ya KTDA ya kujaza daftari, na mengi ni ya haki: makato, wakurugenzi, bonasi ya upande mmoja wa nchi kuzidi ya upande mwingine. Lakini sikiliza anavyolalamika. Analalamika kama mwenye mali, anataka hesabu. Sijamsikia akisema kiwanda kichomwe.

Basi asituambie mtu kwamba ushirika wa kawi ni desturi ya Wazungu. Nchi yenye SACCO kila kona na chama kila ploti haihitaji kufundishwa kuchanga. Tena sisi wa ughaibuni ndio tunaoongoza kuiletea Kenya fedha za kigeni, mbele ya chai na utalii, na nyingi ya pesa hizo zinaishia kwenye ploti za Kitengela zisizo na maji. Kama kungekuwa na hisa za mtambo wa upepo zinazouzwa kwa uwazi, kupitia SACCO inayokaguliwa, ningenunua kesho. Lakini sitaki kuuziwa kabla ya yule ambaye mbuzi wake wanalisha chini ya mapanga.

Kuna hoja moja nzito dhidi yangu. Mfugaji wa Marsabit atatoa wapi pesa ya hisa? Hata Denmark ile asilimia 20 haikufanya kazi vizuri, kwani waliokuwa na pesa ndio walionunua, majirani wengi wakabaki kutazama. Mwaka wa 2020 ikafutwa, na badala yake mwekezaji akatakiwa kuwalipa majirani wa karibu bonasi ya kila mwaka, na kuweka fungu katika mfuko wa manispaa. Nalikubali hilo. Ila mfugaji haji mikono mitupu. Anakuja na ardhi. Kipeto, Kajiado, kwenye mradi wa megawati 100, wenye mashamba hulipwa kodi ya ardhi pamoja na sehemu ya mapato, na kuna mfuko wa jamii uliotengewa asilimia 5. Mradi huo ulijengwa, ukaanza kazi mwaka wa 2021. Siusifu kwa kila kitu, maana wapenda ndege wana hofu yao kuhusu tai. Lakini hakuna aliyelazimika kuuza ng'ombe ili anunue hisa.

Na sheria yetu tayari imeshawahi kufikiri hivyo, kwa mvuke wa ardhini. Sheria ya Kawi ya 2019 inasema mrabaha wa jotoardhi ugawanywe: asilimia 75 serikali kuu, 20 kaunti, 5 jamii ya mahali penyewe. Upepo haumo, jua halimo. Mwekezaji wa jotoardhi kule Olkaria anajua ana deni kwa jirani, wa Loiyangalani anajua ana hiari. Sijui ni mbunge gani wa Marsabit, Turkana au Nyandarua anasubiri nini, kwa maana kifungu kimeshaandikwa na hesabu imeshapigwa. Ni kuongeza upepo na jua tu, na kuandika kwamba jirani aulizwe kabla ya leseni kutolewa, siyo baada.