Vidonge vya mimea kwa mvuta sigara: vipimwe, lakini kwa masharti

Katika maduka ya dawa za asili hapa Malindi, unga wa mlonge, habasoda na manjano huuzwa pamoja na maneno mazito: husafisha mapafu, huzuia saratani. Je, vitu hivi vifanyiwe majaribio rasmi kwa wavuta sigara? Wapo wanaosema ni kutupa fedha, kwani kinga inajulikana, nayo ni kuacha sigara. Wengine wanajibu kwamba watu wanavimeza tayari, basi heri vipimwe. Mimi niko na hawa wa pili, ila nina masharti.

Wanaopinga wana ushahidi mzito. Mwaka 1981 Richard Peto, Richard Doll na wenzao waliuliza, katika jarida la Nature, kama beta-karotini inaweza kupunguza saratani. Hiyo ndiyo rangi ya manjano iliyokoza unayoiona kwenye karoti na maembe. Swali lilikuwa na msingi, kwa sababu walaji wa mboga na matunda walionekana kupata saratani ya mapafu kwa uchache. Mwaka 1985 Ufini ikaanza jaribio la wanaume 29,133 wavutaji, wenye umri wa miaka 50 hadi 69. Baadhi walipewa miligramu 20 za beta-karotini kila siku, baadhi vitamini E, baadhi vyote viwili, na wengine vidonge visivyo na dawa. Matokeo yalitoka 1994: waliomeza beta-karotini walipata saratani ya mapafu kwa asilimia 18 zaidi.

Marekani nako, utafiti wa CARET uliwapa wavutaji, walioacha sigara na wafanyakazi wa asbesto (madini ya nyuzi yanayodhuru mapafu) beta-karotini pamoja na vitamini A. Ulisimamishwa Januari 1996, miezi 21 kabla ya wakati wake, kwa sababu saratani ya mapafu ilikuwa imezidi kwa asilimia 28 na vifo kwa asilimia 17. Lakini katika jaribio jingine la madaktari wa Marekani wapatao 22,000, wengi wao wasiovuta, takriban nusu walikuwa wamemeza beta-karotini kwa takriban miaka 12 bila kupata faida wala madhara. Maelezo yanayokubaliwa na wengi ni kwamba kipimo kikubwa, kikikutana na moshi ndani ya mapafu, huvunjikavunjika kuwa kemikali zinazodhuru. Anayekula embe la ngowe hana haja ya kuogopa. Hilo ni chakula, na kiasi chake hakifanani na cha kidonge.

Inauma kwamba walioumia ni watu waliojitolea. Hata hivyo, tufikirie ingekuwaje bila majaribio yale. Mvutaji aliyemeza kidonge kisha akapata saratani, nani angekishuku kidonge? Lawama yote ingebebwa na sigara, na kidonge kingeendelea kuuzwa kama kinga. Kwangu hii ndiyo hoja kubwa kuliko zote za kupima: dhara la aina hii halionekani kwa macho ya muuzaji, ya daktari wala ya familia. Linaonekana tu pale makundi mawili yanapolinganishwa kwa miaka.

Yapo pia matokeo yanayotia moyo. Huko Qidong, China, watu waliokunywa kinywaji cha machipukizi ya brokoli kwa wiki 12 walitoa kwenye mkojo mabaki ya benzini kwa asilimia 61 zaidi, na ya akrolini kwa asilimia 23 zaidi, yaani mwili uliziondoa kwa wingi zaidi. Sumu zote mbili zimo katika moshi wa sigara, ingawa pale ilikuwa ni hewa chafu. Ni habari njema, lakini mkojo si saratani. Hata beta-karotini ilipendeza sana kabla ya kupimwa kwa wavutaji wenyewe.

Wasiwasi wangu mwingine ni tabia. Watafiti wa Taiwan waliwapa wavutaji vidonge visivyo na kitu. Walioambiwa ni vitamini walivuta zaidi ya walioambiwa ukweli. Mtu akiamini amekingwa, hujiruhusu.

Ndiyo maana naona majaribio yaanze na walioacha sigara, ambao hatari yao haiishi siku ile ile. Anayevuta bado asipewe kidonge bila kupewa kwanza msaada wa kweli wa kuacha. Na mimea ya kwetu isibaki nyuma: Kilifi kuna kituo cha utafiti cha KEMRI (taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya) na Wellcome (shirika la Uingereza linalofadhili utafiti wa afya) tangu 1989, na majaribio ya chanjo ya malaria yamefanyika huko. Wanaoogopa kwamba kuipima habasoda ni kuitilia shaka hadithi ya Mtume (S.A.W.) inayoisifu kuwa tiba, nawaheshimu, lakini kujua kipimo, na nani asitumie, hakuipunguzii baraka yake.

Kuhusu beta-karotini hakuna cha kusubiri. Mwaka 2022 jopo la kitaifa la kinga la Marekani lilishauri isitumike kuzuia saratani. Muuzaji wa vidonge hivyo na amwulize mteja kama anavuta, na akiwa anavuta, asimuuzie.