Ati akimaliza atavua?

Juzi kwenye kikao cha familia, binti wa dada yangu kasema anataka kusomea viumbe wa maji baridi, hasa wale wavamizi, yaani wageni wanaoingia na kuwaharibia wenyeji. Baba mdogo mmoja, mtu mzima na heshima zake, akauliza: "Kwa hiyo akimaliza atavua?" Watu wakaangua kicheko. Mimi nilinuna. Hivi si tunaishi Mwanza, jamani? Mji unaokula sangara, unaosafirisha minofu yake Ulaya, unaouza mabondo yake, vile vibofu vya hewa, na kukaanga mapanki yake, ile mifupa inayobaki, leo unauliza anayesomea wavamizi atafanya kazi gani!

Sangara si mwenyeji wa ziwa hili letu la Victoria. Alipandikizwa kuanzia miaka ya 1950, maofisa wa uvuvi wakitaka samaki mkubwa awale furu, wale samaki wadogo wa asili wa ziwa, maana furu kwao walikuwa takataka. Mwaka 1960 mwanabiolojia Geoffrey Fryer aliandika waziwazi kwamba jambo hilo ni la hatari. Wakamsoma, wakaendelea na yao. Miaka ya 1980 sangara akafurika, na aina zipatazo 200 za furu zikapotea machoni petu.

Tulijuaje kwamba zimepotea? Hapo ndipo hasira yangu ilipo. Tulijua kwa sababu tangu 1977 kulikuwa na watu waliokaa hapa Ghuba ya Mwanza, watafiti kina Frans Witte kutoka Chuo Kikuu cha Leiden, Uholanzi, na wenzao wa Kitanzania, wakivuta nyavu na kupanga furu mmoja mmoja kwa meno, kwa rangi, kwa kina cha maji. Bila shaka kuna waliowaona wehu. Bila wehu huo tungebaki na wazee wa kutusimulia tu kwamba zamani samaki walikuwa wengi. Kule Jinja, Uganda, mtafiti Richard Ogutu-Ohwayo alikuwa akifuatilia balaa hilohilo katika maziwa ya Victoria na Kyoga. Na miaka ya 1990 baadhi ya furu waliporejea, wamebadilika hadi matamvua, aliyeweza kuliona hilo ni yule tu aliyekuwa na vielelezo vya zamani kwenye chupa.

Sasa niambieni, kazi ya namna hiyo inafanyikaje kwa mkataba wa miaka mitatu? Mradi ukija, kuna boti, kuna mafuta, kuna posho na fulana zenye nembo. Mradi ukiisha, boti inafungwa kamba, kijana aliyejifunza kumtambua furu kwa jino anakwenda kuuza vocha. Mvamizi yeye hana mwisho wa mradi.

Haya, nakiri, sangara kasomesha watoto wengi, pengine na baba mdogo mwenyewe. Sawa.

Ila gugu maji limemsomesha nani? Limetoka Amerika Kusini, likatushukia kwa mto Kagera, likafunga mialo na bandari. Waliokuja kulipunguza makali ni fukusi wadogo, Neochetina, wanaotafuna jani huku mabuu yao yakitoboa bua. Lakini mdudu naye hafunguliwi tu kama kuku wa kienyeji. Lazima mtu ampime kwanza, ahakikishe akimaliza gugu hatageukia mazao ya watu. Kuna wanaosema mawimbi na mvua za El Niño za 1997 na 1998 ndizo zilizofanya kazi kubwa. Zilisaidia, sikatai. Ubishi wenyewe hauwezi kuamuliwa bila mtu wa kwenda kuhesabu fukusi kwenye matope, mwezi baada ya mwezi.

Binti tumekubaliana asome. Nimemwambia ukweli pia: nafasi ikitangazwa, watataka uzoefu wa miaka mitano na takwimu za miaka kumi ambazo hakuna aliyewahi kulipwa kuzikusanya.