Namba Nane kwa Baba Mkwe

Najua mmeshaiona video ya siku niliyokwenda kuvua samaki na baba mkwe. Shemeji alianza kurekodi kabla sijaharibu chochote, kumbe alikuwa ananijua. Lakini amekata mwanzo, na mwanzo ndio utetezi wangu.

Dukani Nairobi niliulizwa naenda mto gani. Nikasema Gura. Muuzaji akanitolea ufito wa futi saba na nusu, namba nne. Akaeleza kwamba namba ni uzito wa mshipi, na mshipi ndio unaobeba ndoano, maana nzi wa bandia anayefungwa kwenye ndoano kama chambo hana uzito wowote. Tena mito ya milima ya Aberdare, Gura ikiwemo, imefungwa na vichaka hadi ukingoni, ufito mrefu utanisumbua. Nikamsikiliza kwa adabu zote, nikanunua wa futi kumi, namba nane. Wa samaki wa baharini. Jamani, mara ya kwanza kuvua na baba mkwe, niende na kijiti? (Wanaume mliooa mnanielewa. Wengine ngojeni zamu yenu.)

Mzee aliuzunguka kwanza ule ufito. "Kijana wangu, kwani umesikia Gura kuna kiboko?"

Haya, mtoni. Mzee yuko nyuma yangu, upande wa kulia, na kofia yake ya kahawia. Tangu nioe, kichwa cha mzee sijawahi kukiona. Ananisimulia: "Hawa samaki, trauti, si wenyeji. Walitolewa Scotland, wakatiwa humu humu Gura mwaka 1905..." Mimi naitikia "eeh, eeh", mkono unapanda. Mshipi ukapita juu ya bega, nikausikia ukivuma. Nikangoja unyooke nyuma. Ukanyooka. Nikasukuma mbele. Ukagoma kidogo. Nikajua ni tawi, na tawi dawa yake si nguvu? Nikaongeza. Namba nane, ndugu zangu, ina nguvu.

Kitu cha kahawia kikapita juu yangu taratibu, kinazunguka. Nakumbuka nikijiuliza huyo ni ndege gani. Kikatua katikati ya mto, maji yakakishika, mshipi ukakaza, ufito ukapinda.

Nikapiga kelele: "Mzee, nimepata!"

Kimya. Hadithi ya 1905 imekatika. Nikageuka kumwonyesha. Msiniulize niliona nini. Kilikuwa kinang'aa, na jua lilikuwa kali.

Kwa mshtuko nikavuta, ule uzi mwembamba wa mwisho ukakatika, kofia ikashika safari. Shemeji alikuwa anacheka amelala chini, ndiyo sababu video inaonyesha nyasi.

Mzee akajifunga leso ya mama mkwe, akachukua kijiti chake, akavua trauti wawili bila kunisemesha. Jioni sahani ikaletwa mbele yangu. Nimewekewa kichwa.

Ufito unauzwa. Futi kumi, namba nane, hauna mkwaruzo. Bei tutaelewana. Aliye karibu na mto Gura asijisumbue kupiga simu.