Tuchangie au tusichangie shule ambayo mtoto anaamua mwenyewe kuingia darasani?

Wiki iliyopita dada yangu anayeishi Uingereza alituma ujumbe kwenye grupu la familia akiomba mchango. Shule anayosoma mwanawe wa miaka tisa imepewa notisi na mwenye jengo, wazazi wanakusanya hela wapate pao pa kudumu. Na shule yenyewe ni zile wanaziita za kidemokrasia, yaani mtoto halazimishwi kuingia kwenye kipindi, anajifunza anachotaka kwa muda wake, na sheria za shule zinapitishwa kwenye mkutano ambao mtoto wa miaka sita ana kura moja na mwalimu naye ana kura moja tu.

Grupu likawaka. Mama mdogo akaandika mwaka huu kashachanga harusi mbili na msiba mmoja hajalalamika, ila kuchangia shule ambayo mtoto akitaka anacheza kutwa nzima, hapana, samaki mkunje angali mbichi. Kaka mkubwa akasema hela hiyo hiyo ikija kijijini inanunua madawati. Dada kaumia, nimemsikia kwenye sauti alizotuma. Mimi nilikaa siku mbili nasoma kwanza.

Hizi shule si za jana. Inayojulikana zaidi ni Summerhill, aliianzisha Mskochi mmoja A. S. Neill mwaka 1921 kule Hellerau karibu na Dresden, Ujerumani, akahamahama nayo mpaka 1927 alipofika Leiston, Suffolk, na ipo hapo hadi leo, shule ya bweni. Walimu wapo, ratiba ya vipindi ipo, ila hakuna anayekuja kukufuata bwenini ukiwa hukuingia. Watu wakisikia uhuru wanadhani hakuna sheria, kumbe sheria zao zinapita mia, za muda wa kulala, baiskeli, visu, kila kitu, na watoto wenyewe ndio wanazipitisha na kuzifuta. Mtoto akimuonea mwenzake kesi inaletwa mkutanoni, wote wanasikiliza, kura zinapigwa, anatozwa faini, pengine anakosa pudini siku hiyo. Kwa hiyo lile la mama mdogo kwamba ni kucheza bila mpangilio si kweli, na nimemwambia hivyo kwa heshima.

Ila kuna watu wenye mamlaka waliofikiri kama yeye. Mwaka 1999 wakaguzi wa Ofsted, ofisi ya serikali inayokagua shule kule England, walienda Summerhill wakaandika ripoti mbaya, serikali ikaipa shule notisi kwamba isiporekebisha mambo fulani itafungwa, na kubwa lilikuwa hilo la watoto kutohudhuria vipindi. Shule ikakataa, ikaenda kwenye baraza la rufaa mjini London, Machi 2000. Kesi haikuisha, siku chache tu upande wa serikali ukataka maelewano, na hapa ndipo moyo wangu uligeuka kidogo: watoto waliokuwepo walifanya mkutano wao humo humo ndani ya chumba cha mahakama, wakajadili masharti na kupiga kura kabla shule haijakubali. Niambie ni shule gani ya kawaida ingewauliza watoto jambo zito kiasi hicho. Na ile vita haikupiganwa kwa hewa, mawakili wanalipwa, kwa hiyo wale waliochangia enzi zile walinunua kitu kinachoonekana.

Sasa upande wa pili, ambao wapenzi wa hizi shule hawaupendi. Summerhill inaishi kwa ada za wazazi. Kabla kitabu cha Neill hakijatoka Marekani mwaka 1960 wanafunzi walikuwa wamepungua sana, wachache mno, halafu kitabu kikavuma wakaanza kuja kutoka Marekani na shule ikapumua. Maana yake nini? Uhuru wa mtoto umesimama juu ya mfuko wa mzazi, na mtoto ambaye mzazi wake hana kitu hapigi kura kwenye ule mkutano kwa sababu hayumo. Halafu mtoto wa mwenye nazo akichelewa kusoma mpaka miaka kumi, nyumbani kuna vitabu, kuna mjomba wa kumtafutia nafasi, lakini mtoto wa muuza genge akifika miaka kumi na saba hana cheti nani atamuelewa kwamba alikuwa anafuata anachokipenda? Hili haliondolewi kwa kusema watoto wana furaha.

Wanaotetea wanaleta utafiti wa Peter Gray na David Chanoff wa mwaka 1986 kuhusu waliomaliza Sudbury Valley, shule nyingine ya kidemokrasia ya Framingham, Massachusetts, Marekani, iliyoanza 1968, kwamba wengi waliotaka chuo waliingia na maisha yao yanaenda. Nimeona. Ni ushahidi mzuri wa kuonyesha kwamba watoto hawaharibiki, hapo nakubali kabisa. Lakini Gray mwenyewe mwanawe alisoma pale, na wazazi wanaompeleka mtoto shule kama hiyo tayari ni watu wa aina fulani, wanaoongea na watoto wao mezani, kwa hiyo kujua kipi kimefanywa na shule na kipi kimefanywa na nyumbani ni kazi.

Na kuna jambo naona pande zote kwenye grupu zimelipita. Anayetoa hela anataka kuona matokeo. Ukichanga harusi unaona ukumbi, unakula pilau, ukichanga madawati unatumiwa picha watoto wamekaa. Lakini hii shule imemuahidi mtoto kwamba haitamlazimisha atoe matokeo ili kumfurahisha mtu mzima, sasa huyo huyo mtoto ukimuweka kwenye video ya kuombea mchango aseme anavyopenda hesabu, umeshaivunja ahadi. Ndiyo maana tangazo alilotuma dada, lenye maneno ya viongozi wa kesho na wabunifu wa dunia, lilinikera kuliko upinzani wa mama mdogo. Wangesema tu tunataka jengo, watoto wetu hawaogopi kuja shule, ningeelewa haraka zaidi.

Maana mimi shule niliiogopa. Kidato cha pili nilichapwa mbele ya darasa kwa kumuuliza mwalimu swali mara ya pili, na nikaacha kuuliza, miaka mingi, hata chuo nilikuwa naandika swali pembeni silisemi. Nyerere kwenye Elimu ya Kujitegemea, 1967, alitaka wanafunzi washiriki kuamua mambo ya shamba la shule na mapato yake, wajizoeze kujitawala. Shamba tulilima, kuamua hatukuamua. Kwa hiyo wakiniambia mtoto kupewa kura ni mambo ya wazungu, sikubali, tuliambiwa na wa kwetu tukachukua jembe tu.

Hoja ya kaka ya madawati bado inaniuma, sitaki kudanganya. Denmark serikali inazilipia shule za wazazi sehemu kubwa ya gharama hata zikiwa na mtindo wake tofauti, hivyo hazigombanii mchango na madawati ya mtu. Uingereza shule ya aina hii ikiwa binafsi haipati kitu kama hicho, inabaki kutegemea ada na watu kama sisi.

Nilichomjibu dada ni hivi. Nitatoa, si nyingi, ila nataka kujua nafasi ngapi kwenye hilo jengo jipya ni za watoto ambao wazazi wao hawawezi ada, na sitaki jibu la kamati ya wazazi. Sudbury wanafunzi wanapigia kura bajeti na hata walimu wa mwaka unaofuata, basi na hawa wa kwao waulizwe, wapewe hesabu yote, kodi, mishahara, umeme, wajue kila nafasi ya bure inapunguza nini kingine, halafu waamue. Akaniambia hawajawahi kuwauliza watoto suala la hela. Mkutano wao ni Ijumaa, mwanawe ndiye ataliwasilisha, na kaka kasema na yeye anasubiri kusikia hao watoto watasemaje.