Kitasa cha Ndani, Kulia

Mtu mzima, tai shingoni, anashusha kioo, anatoa mkono nje na kujifungulia mlango wa gari lake mwenyewe kama anayechokonoa geti la watu. Mlinzi anayekuita bosi kila asubuhi anatazama pembeni ili akusitiri. Mvua ikinyesha, chagua: kuloa bega au kuruka gia utokee kwa abiria.

Ni kitasa cha ndani tu hicho. Corolla 110 zilitoka Japani kati ya 1995 na 2000, plastiki imekaangwa na jua la Dar miaka yote hiyo, ulitegemea nini? Na hakivunjiki Jumamosi umetulia. Kinabaki mkononi Jumatatu, saa mbili kasoro.

Haya, Ilala, Shauri Moyo, kwenye spea za magari. Gari halijasimama, mawinga wanne, hao madalali wa spea, wameshaning'inia dirishani. Unaeleza kwa heshima zote: kitasa cha ndani, mlango wa dereva, kulia, kijivu. Katika yote hayo winga amesikia neno moja. "Kitasa? Kipo, bosi! Nipe sampo." Unampa kile kilichovunjika, maana bila sampo utauziwa hata mkono wa kabati. Anapotea nacho vichochoroni.

Dakika 40.

Anarudi na cha kushoto. "Unakigeuza tu juu chini, bosi." Jamani! Kitasa cha kushoto ukikipachika kulia, bawaba inaangalia nyuma. Ukikigeuza, bawaba inarudi mbele, sawa, ila kila cha juu kimeshuka chini: vinondo vinavyounganisha kitasa na loki havifiki vinapotakiwa, tundu la skrubu halikutani. Unamweleza kwamba Toyota wenyewe wametenganisha, namba ya spea ya kulia mbele inaanza na 69205, ya kushoto 69206. "Mzee, sisi hatuuzi namba, tunauza vitasa." Bosi imeshakuwa mzee.

Raundi ya pili: cha kulia, lakini rangi ya chai ya maziwa. "Unapuliza rangi." Plastiki inayoshikwa kila siku, rangi ya kopo inabanduka kabla mwezi haujaisha, labda usugue kwa msasa laini na upige praima ya plastiki kwanza. Kwa gharama hiyo si bora ununue mlango? Raundi ya tatu: kulia, kijivu, cha Carina. "Toyota si Toyota?"

Ndipo anatokea winga mwingine kabisa, jasho linamtiririka, kaficha kitu chini ya shati. Kulia! Kijivu! Cha 110! Kimevunjika mkono, "kidogo tu, bosi, unatia supa gluu." 8,000. Unakitazama. Unakigeuza. Unakitazama tena.

Sampo yako.

Hata kikipatikana chenye uhai, na bei ikashuka toka 25,000 hadi mahali ambapo wote wawili mmekasirika, usishangilie. Vuta, achia: kirudi chenyewe, la sivyo springi imekufa. Kagua mzizi wa mkono. Ukiona alama nyeupe kwenye plastiki, kimeshapinda siku moja na kitakatika. Dai na klipu ndogo za kushikia vinondo, maana zako zitavunjika zikiguswa tu. Na ukishatoka pale umetoka.

Halafu kuna fundi. Kava la mlango lina skrubu zilizojificha nyuma ya vifuniko na kwenye sehemu ya kuvutia mlango. Unazitoa, unabetua klipu pembeni, unanyanyua kwenda juu. Yeye anavuta kama anang'oa muhogo. Ile nailoni iliyogandishwa kwa gundi nyeusi anaichana: "Hii haina kazi." Haina kazi! Maji yanayoshuka na kioo ndiyo hiyo inayoyazuia yasiingie ndani. Subiri masika uone kapeti linavyoota uyoga. Grisi kwenye loki haweki, wakati ukavu wa loki ndio uliokufanya uvute kwa nguvu mpaka kitasa kikakatika. Ukimkumbusha anakutazama kama umemtukania mama.

Skrubu mbili zinabaki. Nazo hazina kazi. Anazitia mfukoni, anawasha redio kuhakikisha hajakata waya, na redio yenyewe ni ile ya Kijapani, mwisho wake FM 90, stesheni nyingi za mjini ziko juu ya hapo, kwa hiyo miaka yote unasikiliza salamu za watu usiowajua, wakiwasalimu wengine usiowajua pia.